Hatua Ishirini Kutoka Ukutani

Harufu ya majani ya mkaratusi yanayochemka sijaizoea mpaka leo. Juzi mpangaji mwenzangu hapa Chang'ombe, binti mmoja anaitwa Rehema, alikuwa anamfukiza mwanawe mafua. Sufuria iko juu ya jiko la mkaa katikati ya uwanja, mtoto kafunikwa blanketi, mvuke wote unakuja mlangoni kwangu. Nikamwambia, mwanangu, hiyo sufuria isogeze kule bombani. Akasogeza, lakini nilimsikia akimwambia mwenzake kwamba huyu mama hata mvuke unamkera. Ningeanza kumweleza, majani yangepoa na mtoto angebaki na mafua yake. Ninyi mnaosoma mna nafasi kidogo, acha niwaeleze ninyi.

Nitawataja watu kwa majina. Wengine wameshakufa, na marehemu hasemwi vibaya, najua. Lakini mguu wangu wa kushoto ni mfupi kuliko wa kulia kwa upana wa vidole vitatu, na tangu utoto kila ninapokanyaga mguu wenyewe unawasema kabla sijafungua kinywa. Kwa hiyo mniwie radhi.

Kijiji chetu kiko upande wa Bahi. Ni nchi tambarare, udongo mwekundu, na kuanzia mwezi wa sita upepo wa mashariki unavuma kama una kesi na mtu. Nyumba yetu ilikuwa tembe: kuta za udongo, paa la bapa la miti iliyopangwa na kushindiliwa udongo juu, ndefu kama behewa la treni. Jiko lilikuwa mwisho kabisa, upande wa mashariki. Nyuma ya ukuta wa jiko ndipo mama alipokuwa anatwangia. Hapakuwa na kichaka wala kijiti. Na jua la kwetu halichomozi, linavamia; saa mbili asubuhi limeshakukalia usoni kama umelikosea. Mama alitwanga mtama humo humo, kitambaa kichwani, na wakati ninaoutaja alikuwa na mimba ya mdogo wangu Meshaki, iliyokaribia.

Wa kwanza kumtaja ni Bwana Festo, bwana misitu. Huyo alikuja na Landrova imejaa miche kwenye vifuko vyeusi vya nailoni, akasimama mbele ya ofisi ya kijiji na viatu vyake ambavyo nadhani udongo vilikuwa vinausikia tu. Alisema kila kaya lazima iwe na mti uani, maana upepo unaondoka na nchi. Hilo alikuwa sawa, sibishi. Akasema mkaratusi ndio mti wa maendeleo, unakua huku unautazama. Hakusema kwamba ule si mti wa kukaa na watu, kwamba unakunywa maji kama ng'ombe aliyetoka safari na ukikua unatafuta mbingu kwa haraka kuliko unavyotafuta ardhi. Bibi mmoja akamuuliza, sasa baba, upandwe mbali kiasi gani na nyumba? Bwana Festo akajibu akiwa ameshaanza kupanda gari. Hatua ishirini kutoka ukutani, akasema, akafunga mlango.

Hatua ishirini. Hakusema za nani.

Wa pili ni baba mkubwa Lazaro, kaka yake baba. Mama alitaka mwarobaini. Alisema mwarobaini hauna haraka, mizizi yake inakwenda chini, majani ni dawa, na kivuli chake ni kizito hata kuku wanakipenda. Baba mkubwa akacheka. Akasema mwarobaini ni mti wa wagonjwa, mtu mzima anapanda mti atakaokata nguzo. Kwa sababu yeye ndiye mkubwa, neno lake likawa neno. Baba akachukua mkaratusi. Na sasa sikilizeni: kwake mwenyewe baba mkubwa Lazaro alipanda mwarobaini. Mpaka leo upo. Nimekaa chini yake kwenye misiba mitatu na mara zote tatu nilikaa nimeupa mgongo.

Sasa niwaeleze habari ya kuhesabu, maana bila hiyo hamtanielewa. Baba hakwenda shule hata siku moja. Ng'ombe wake hakuwahesabu, alikuwa anawajua. Jioni anasimama penye mlango wa zizi, wanaingia mmoja mmoja, na akikosekana ndama mwenye doa la kwenye paji angesema, yule wa mama yake mwekundu hajaja, bila kujali ni wa tisa au wa tisini. Kwetu ilikuwa hata vibaya kunyooshea mifugo kidole na kuitaja kwa namba, ni kama kuitakia ipungue. Kwa hiyo hatua ishirini kwa baba lilikuwa jambo la shule, na shule nyumbani kwetu nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka minane, darasa la kwanza. Hiyo ishirini yenyewe niliijua wiki ile ile. Mwalimu alitufundisha kwa vijiti vya mabua ya mtama, na nilipofika nyumbani nikahesabu kila kitu mpaka mama akaniambia nimwachie angalau vidole vyake.

Asubuhi ya kupanda, baba alinishika mabega, akanisimamisha mgongo ukiwa kwenye ukuta wa jiko, nimeelekea mashariki.

"Haya, msomi," akasema. "Pima. Mimi nakufuata na jembe."

Nikaanza. Moja, mbili, tatu, kwa sauti ya darasani kabisa, ili jirani asikie kwamba kwetu yupo mtu anayejua. Mpaka kumi nilikwenda vizuri. Zilikuwa hatua za mtoto, lakini za haki. Kwenye kumi na moja nikageuka nyuma. Nikamwona mama na tumbo lake, mchi unapanda na kushuka, jua limemkalia usoni, jasho linadondoka kidevuni. Nikatazama mbele nilikokuwa nakwenda, nikaona ni mbali. Mti ukikaa kule, kivuli chake cha asubuhi hakitafika kinuni. Mtoto anayechunga mbuzi anajua vivuli, anajua kila saa vinalala wapi. Basi kuanzia pale nikawa naweka kisigino mbele ya kidole gumba. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Kumi na nne.

Mama akasimamisha mchi. "Hizo ni hatua," akauliza, "au kuku anaparua?"

"Mwache msomi na kazi yake," baba akamjibu.

Ishirini, nikasimama. Baba alinitazama miguu. Akautazama ukuta. Akamtazama mama, aliyekuwa ameshaendelea kutwanga. Alikaa hivyo kitambo, jembe liko begani, nami najua ataniambia nirudie. Halafu akatia jembe pale pale niliposimama.

Siku ile nilikula ugali na mlenda kama mtu aliyejenga reli.

Meshaki alizaliwa baada ya wiki tatu. Mti na mtoto wakakua pamoja, ila mti haukuwa na adabu ya kumngoja mwenzake. Mwaka wa pili ulishampita baba urefu. Mwaka wa tatu kivuli kikafika kinuni, kama nilivyopanga. Niliona asubuhi moja kikigusa mguu wa mama, nikamwonyesha, akanyoosha unyayo wote ndani yake kama mtu anayejaribu maji. Tangu hapo mama alitwanga kivulini. Meshaki alitandikiwa kanga pale, akawa anaokota vile vifuniko vidogo vya maua ya mkaratusi na kuvipanga mstari. Alisema ni ng'ombe. Naye hakuvihesabu. Alikuwa anavijua, kama baba. Na ile harufu, ambayo leo nikiisikia natafuta pa kushika, wakati ule ilikuwa ndiyo harufu ya nyumbani.

Wa tatu ni jirani yetu, Mzee Ndahani. Shamba lake lilikuwa mashariki mwa uwanja wetu, mtama wake ulianzia hatua chache kutoka kwenye mti. Alikuja akalalamika kwamba mtama wa karibu na mti unanyauka, na alisema kweli, hata mchicha wa mama ulishakufa kwa kiu. Baba akamwambia, sasa jirani, tufanyeje? Ndahani akasema tupunguze matawi ya upande wangu. Baba akakubali kwa ajili ya ujirani.

Akaletwa wa nne, Fundi Sila, aliyekuwa anajiita fundi wa miti kwa sababu alikuwa na panga refu na hakuogopa kupanda. Sila alikata matawi yote ya upande wa mashariki, kuanzia chini mpaka alipoishiwa ujasiri. Upande wa kwetu hakugusa hata jani. Alishuka akalifuta panga kwenye suruali, akaambiwa asante, akapewa pombe ya mtama. Mti ukabaki kama mtu aliyenyolewa nusu kichwa akaambiwa fundi anakwenda kula kwanza. Sisi watoto tulicheka. Hakuna aliyesema kwamba sasa uzito wote uko upande wa nyumba. Mti wa uani ukiupunguza huku, upunguze na kule. Hilo nimelijua kwa gharama yangu, wala sikulisoma mahali.

Na Ndahani hakuishia hapo. Kiangazi kilichofuata mwanawe alitaka kujenga nyumba ya tofali, wakaanza kuchimba udongo. Shimo wakaliweka mpakani, upande wao, ili wasiharibu shamba. Nilikuwa napita pale nikitoka shule. Nikaona mizizi imekatwa, myeupe, inaning'inia ukutani mwa shimo kama mikia. Nilivuta mmoja nikanusa, ulinukia dawa ya kikohozi. Nikaendelea na safari.

Mvua ya kwanza ya mwaka ule ilikuja mchana. Nilikuwa darasa la tano, shule zimefungwa, nina miaka kumi na miwili na nusu. Kwanza ulikuja upepo kutoka mashariki, na vumbi jekundu mpaka zizi likapotea. Mama alikimbia kuanua karanga. Baba alikuwa anafukuzia mbuzi. Mimi nilimkuta Meshaki chini ya mti anakusanya ng'ombe wake, nikambeba nikakimbia naye jikoni, maana jikoni ndiko mtoto anakofichwa mvua. Nilimkalisha pembeni ya mafiga. Akaniambia ndama mmoja amebaki nje. Nikamwambia atakuja mwenyewe.

Sauti niliyoisikia ilikuwa kama turubai linapasuliwa. Halafu mti ukalala juu ya jiko, paa lote likashuka. Paa la tembe likishalowa ni shamba zima linakuangukia.

Ndahani ndiye aliyefika wa kwanza. Namlaumu na nitaendelea kumlaumu, lakini hili lazima niliseme pia: yule mzee alichimba kwa mikono, jembe alikataa akiogopa atatukata, na wiki nzima baadaye alikuwa analishwa ugali na mkewe kwa sababu vidole havikushika. Mimi walinitoa hai, mguu umevunjika sehemu mbili. Meshaki walimtoa baada yangu. Nilitazama pembeni, na hapo nitanyamaza.

Siku ya kuondoa matanga kikakaa kikao. Wajomba zangu walikuja kutoka Makutupora, walikokuwa wanafanya kazi kwenye mashamba ya zabibu. Kwetu kaka wa mama ana neno zito. Akiona dada yake hatunzwi anaweza kumchukua na hakuna wa kumzuia. Walikaa uwanjani, karibu na ule mti ulioanguka. Mimi nililazwa kwenye ngozi ndani ya chumba kilichobaki, kando ya uwanja huo, mguu umefungwa vijiti na mganga wa mifupa, na ukuta ulikuwa na tundu nililoweza kuona magoti ya watu.

Mjomba Yonazi, mkubwa wao, alikuwa mtu wa kwenda taratibu. Akawachukua mmoja mmoja. Baba mkubwa Lazaro akasema yeye alishauri tu, hakushika jembe. Fundi Sila akasema alikata alipoambiwa akate. Ndahani alionyesha mikono yake. Bwana Festo hakuwepo, bila shaka alikuwa anafunga mlango wa gari mahali pengine. Halafu mjomba akasimama, akakanyaga kutoka kwenye ukuta uliobaki mpaka kwenye shina. Nilisikia viatu vyake. Nilihesabu, ndiyo kazi yangu. Vilifika tisa vikasimama.

Nikajua swali linalokuja. Nikasogeza jicho karibu na tundu. Najua mnaweza kusema, alikuwa mtoto, nani angemlaumu. Ninyi hamkukulia kijijini kwetu. Mtu akishapewa jina, jina linakwenda naye kisimani, linaolewa naye, linazikwa naye. Ningekuwa yule aliyempimia mdogo wake kaburi. Hakuna ambaye angekuwa na nia mbaya. Wangesema tu, kama wanavyosema mtu mrefu au mtu wa makengeza.

"Bwana misitu alisema ishirini," mjomba akasema. "Nani alipima?"

Niliyaona magoti ya baba yakinyooka.

"Mimi," akasema.

"Wewe, shemeji? Na miguu yako hiyo, ishirini zikaishia pale?"

"Sijui kuhesabu, Yonazi," baba akasema. "Nilijua tu ni nyingi. Nikasimama niliposimama."

Mtu mmoja akacheka kidogo kwa puani, halafu akakohoa kuificha. Baba yangu alikuwa mtu ambaye watu walimletea ng'ombe wao awasemee ni wa ukoo gani. Sikuwahi kumsikia kabla ya siku ile akisema hajui kitu.

Mjomba akageukia upande wa wanawake. "Dada, ni kweli hayo?"

Mama hakuwa amesema neno tangu mazishi.

"Nilikuwepo," akasema. "Alipima yeye."

Basi wajomba wakasema dada yao aende akapumzike kwao, mtu aliyeweka mti juu ya mke wake akae kwanza afikiri. Kesho yake mama akaondoka na kifurushi. Alinishika uso kabla ya kutoka, mikono yake inanuka moshi. Nilifurahi, ndugu zangu, nawaambia ukweli. Nilidhani wamesahau. Niliona miaka mitano ni mingi, watu wazima wana mambo mengi, wamesahau ni nani aliyepima. Na nilimwomba Mungu wasikumbuke.

Tukabaki mimi na baba. Shule ndiyo ikaishia pale, la tano; mguu ndio ulioacha, mimi bado nilikuwa nataka. Baba alijifunza kupika. Mlenda wake wa kwanza ulivutika kutoka chunguni mpaka mlangoni, ikabidi aukate kwa kisu. Mbwa aliunusa akatuachia wenyewe. Tulikula tukitazamana, halafu baba akasema mama yako ana siri, si bure.

Mvua zilipokaribia kwisha alikuja na mche wa mwarobaini, sikumuuliza alikoutoa. Alikuwa ameshajenga upya jiko, safari hii upande wa magharibi. Nilikuwa natembea na fimbo. Aliniita nje akanisimamisha pale pale, mgongo ukutani. Nikasema baba, mimi mguu.

"Wewe hesabu," akasema. "Mimi nakanyaga."

Akaanza kwenda. Nikahesabu, mwanzoni kwa sauti ndogo. Bila kugeuka akasema hasikii. Nikapaza. Alikuwa anatupa miguu kama mtu anayevuka mto, na sijui kama aliwahi kukanyaga hatua ndefu vile maishani. Kumi na tano ametoka kwenye uwanja. Kumi na nane amevuka njia ya watu. Ishirini ameshafika karibu na josho la ng'ombe, mdogo kabisa, ananipungia jembe. Akachimba huko huko. Ule mwarobaini haukuwahi kutupa kivuli hata siku moja. Wapita njia ndio waliofaidi, na wageni walidhani ni mti wa serikali. Ila kila tawi alilipunguza mwenyewe, huku na kule sawasawa, anazunguka kama kinyozi.

Mama alirudi zabibu zilipokwisha kuvunwa. Alikuja na mjomba Yonazi, akaweka kifurushi chini, akaona kimti kile kule mbali na miiba imezungushiwa. Akauliza ni cha nani. Baba akasema ni chetu. Mama akauliza, sasa huko alipima nani?

"Msomi alihesabu," baba akasema.

Mama akautazama mti, akanitazama mimi na fimbo yangu, akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akajifunika uso kwa kanga, akakaa hivyo muda mrefu. Mimi niliona kicheko tu.

Wote wawili wameshatangulia. Hakuna aliyenitajia ile asubuhi mpaka wanaingia kaburini. Nami nikakaa miaka yote hii na majina yangu manne. Festo, Lazaro, Ndahani, Sila. Nimewataja kwenye misiba na kwenye foleni za maji. Wa tano sikuwahi kumtaja mpaka leo. Anaitwa Yunisi, alikuwa na miaka minane, alikuwa anajua kuhesabu mpaka ishirini.

Kilichonifanya niandike si mvuke wa Rehema peke yake. Mwezi uliopita mwanangu alinipeleka Nala kwenye kiwanja alichojenga. Vyumba viwili, bati jipya, hakuna hata kijiti. Alikuwa na mche wa mwarobaini kwenye ndoo, akaniuliza mama, tuweke wapi? Nikamwambia mashariki, upepo unakotoka, hatua ishirini. Kabla sijamaliza, mjukuu wangu Debora, yuko darasa la kwanza, ameshaweka mgongo ukutani. Bibi, mimi najua ishirini. Nilikuwa nimekaa nyuma ya nyumba, juani, nabangua karanga.

Akaanza, moja, mbili, tatu, sauti ya darasani. Alipofika kumi na kitu akageuka. Akanitazama mimi na ungo wangu. Akatazama mbele. Halafu akaweka kisigino mbele ya kidole gumba.

Karanga zilinimwagika zote.

Maana ilionekana, ndugu zangu. Hakuna mtu mzima mwenye macho ambaye asingeliona. Mtoto anageuka, anamtazama mtu wake aliye juani, halafu hatua zinafupika. Hata ng'ombe angeelewa. Baba aliona. Alinitazama miguu, akatazama ukuta, akamtazama mama na tumbo lake, akajua ninafanya nini na kwa nini. Na mtu aliyekulia kwenye mifugo na upepo hakuhitaji namba kujua kwamba pale ni karibu. Akaona asiniharibie. Akatia jembe.

Kwa hiyo aliposema "Mimi," hakuwa amesahau, wala hakuwa anadanganya kama nilivyokuja kudhani ukubwani. Alikuwa anajitaja. Na mama, aliyekuwa ametoka kumzika mmoja, alipoulizwa alikuwa anamwokoa aliyebaki, akakubali kuondolewa nyumbani kwake. Na siku ya mwarobaini baba aliichukua ile kazi akaigawa vipande viwili: kosa lilikuwa kwenye miguu, akachukua miguu yeye. Namba akaniachia.

Mwanangu alikuwa anacheka, anasema mama, ona anavyopima, kuku anaparua. Hakujua anasema maneno ya nani. Nikainuka. Nikaenda pale ukutani, nikamwita Debora, nikamsimamisha mahali pangu.

"Wewe hesabu," nikamwambia. "Bibi anakanyaga."

Akatazama mguu wangu, halafu akanitazama usoni, akaona si utani. Akasema moja. Nikatanguliza ule mrefu. Akafungua mdomo kusema mbili, akaufunga, akangoja mpaka ule mfupi ufike.